Koti la Mzee Pazi

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mimi niliyeambiwa nisitazame tena saa, kisha mkaniomba niandike "mbinu bora" za kazi yangu ili vijana wanaokuja wazisome. Nimekaa na ombi hilo hapa barazani kwangu Bagamoyo, mbuzi wa jirani akinimalizia mchicha, na nimekubali kwa sharti moja. Atakayeyakatakata maneno yangu na kuyapanga kwa vitone vya orodha nitamfuata ofisini. Nimestaafu kazi, mdomo haujastaafu.

Najua mnachotaka hasa. Mnataka ile ya njia ya Mkange. Nimesoma mlivyoiandika kwenye taarifa zenu: "Mgogoro ulitatuliwa kwa majadiliano shirikishi." Astaghfirullah! Mimi nilikuwepo. Kijana alisimama na panga mlangoni pa chumba nilichokaa, na kama angevuka kizingiti siku ile tungezika wengi pale ambapo tulikwenda kuzika mmoja. Hayo majadiliano shirikishi sikuyaona. Nitafika huko, lakini mtanivumilia nianze ninapotaka mimi.

Ujamaa niliupata shuleni, kama watoto wanavyopata surua, ila wenzangu walipona. Nilikuwa nikirudi nyumbani na nyimbo za jembe na nyundo, mama yangu, muuza vitumbua, ananiuliza: "Huo umoja wa wavuja jasho unasema nini kuhusu vyombo vilivyolala chafu?" Nilimjibu kwamba hilo litashughulikiwa baada ya mapinduzi. Nilioshwa mimi kwanza, kisha nikaviosha vyombo.

Kuchukia vita nilikupata nyumbani pia, lakini hapo hapakuwa na kicheko. Kaka yangu Abdallah alikwenda vita vya Kagera akiimba, akarudi na mikono yote na miguu yote, mama akasomesha maulidi ya kushukuru. Idd iliyofuata watoto wa mtaani wakawasha fataki. Kaka akanishika mkono akanivuta uvunguni mwa kitanda, mimi msichana mzima na gauni langu jipya la Idd, akaniziba mdomo kwa kiganja na kuninong'oneza nisipumue. Tulikaa humo mpaka mama akaja kutubembeleza tutoke. Majirani walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka kile kiganja kilivyokuwa kinatetemeka, moyo unaniuma. Tangu siku ile mtu akinisifia vita yoyote, ya haki au ya nini, namwona kaka yangu uvunguni.

Basi nikatafuta kazi ya kupinga vita, na kumbe kazi hiyo ipo. Chama chetu kilikuwa na jina refu kuliko orodha ya wanachama wake, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, mji mkongwe. Nilifika siku ya kwanza na vitabu kwapani, tayari kuuangusha ubepari kabla ya adhuhuri. Nikamkuta mwanamke mfupi, mweusi tii, amekaa kwenye mkeka anakata kitambaa. Huyo ndiye Bi Mtumwa, mwalimu wangu, Mungu amrehemu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unajua kupika chai ya watu wengi?"

"Nimekuja kwa ajili ya mapambano, bibi."

"Ndicho ninachouliza. Unajua kupika chai ya watu wengi?"

Sikujua. Chai yangu ya kwanza ilikuwa chumvi tupu, kwa kuwa makopo yale mawili yalifanana na mimi nilikuwa nikifikiria mambo makubwa. Wazee wa watu wakainywa kimya kwa adabu, kisha mkutano ukavunjika mapema kuliko mkutano wowote katika historia ya chama. Bi Mtumwa akasema hapo nimejifunza namna ya kuufunga mkutano, sasa nijifunze kuufungua.

Kwake nilijifunza kazi yote. Alinifundisha kwamba ukifika kijiji kigeni usiombe kuonana na mwenyekiti, omba choo. Njiani kuelekea chooni utasalimiana na kina mama wote na kurudi unajua nani haongei na nani. Alinifundisha kutandika mkeka upande wa kivuli cha saa tisa hata kama mkutano ni saa nne, kwa sababu hakuna mkutano ulioitwa saa nne ukaanza kabla ya saa saba. Alinifundisha kuandika bango kwa brashi ya kupakia chokaa, herufi nene, maneno machache, kitambaa kimelowekwa kwanza kisije kikanywa rangi yote. Kitambaa chenyewe kilikuwa marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi. Tuliwalaani wapiga mabomu wa dunia nzima juu ya marekani kwa sababu ndicho kilichokuwa rahisi dukani, na hakuna aliyeona ajabu.

Maandamano yangu ya kwanza yalikuwa ya kupinga vita vya mbali, nchi ambayo nusu yetu hatukuweza kuitaja bila kung'ata ulimi. Tulitoka kina mama, kanga zimefanana, bango mbele, tunaimba. Sasa nyie mnaujua mji wetu. Wanawake wenye kanga zinazofanana, wakiimba, mchana wa Alhamisi, ni kitu gani? Tulipofika kona ya pili tulikuwa tumefuatwa na mpiga tarumbeta. Kona ya tatu vikatoka vigelegele madirishani. Mzee mmoja akatoka na kanzu yake safi akaniuliza kwa heshima: "Binti yangu, bwana harusi anatokea upande gani?" Nikamwambia tunapinga mabomu. Akafikiri kidogo, akasema: "Mungu awajaalie, na pilau iko wapi?" Walioondoka siku ile wakiwa na njaa walinikumbusha kwa miaka mingi.

Mume nilimpata katika kazi hiyohiyo, yule fundi cherehani wa mbele ya ofisi. Kwa mazoea nikawa namwita ndugu. "Ndugu, chai tayari." "Ndugu, nipishe." Siku moja akaweka mkasi chini akaniambia: "Mwanaidi, ningekuwa ndugu yako kadhi asingetufungisha ndoa." Nikabadili, nikaanza kumwita bwana, na wenzangu ofisini wakanisema kwamba nimerudi enzi za ukabaila. Ndipo nilipojua kuwa kuna vita ambavyo mtu hashindi, anachagua tu nani amnunie.

Wageni nao walikuja. Walikuja wajamaa wawili kutoka nchi moja ya baridi, wote wapinga vita, na wote wawili walikataa kukaa mkeka mmoja. Walikuwa wa vyama viwili vilivyogawanyika juu ya jambo fulani lililotokea kabla hawajazaliwa. Niliwapikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikawawekea sinia moja, kama desturi. Walikula kila mmoja upande wake, katikati wameacha ukuta wa wali ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Bi Mtumwa aliutazama ule ukuta, akachukua kijiko, akaula wote yeye. Ulikuwa usuluhishi mzuri kabisa.

Sasa njia ya Mkange.

Kitongoji sikitaji, wenyewe wanajijua. Kiko ng'ambo ya mto Wami, ukishapita Makurunge unaendelea mpaka uchoke. Wakulima wa pale ni Wakwere na Wazaramo, watu wa mahindi, ufuta na maneno mengi. Wafugaji ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wakakaa vizuri na wenzao mpaka mwaka ambao mvua ilisuasua na malisho yakakauka. Ng'ombe wakaingia kwenye ufuta wa Mzee Pazi.

Mzee Pazi ndiye aliyekuwa sauti ya wakulima. Alikuwa mrefu, mwembamba, mguu mmoja akiuburura, kofia ya kiua kichwani, na koti la suti la kijivu ambalo halikuvuliwa hata jua liwake namna gani. Kila sentensi aliianza kwa "Nasema hivi!", na akishasema hivi, ndivyo. Hakupigana na mtu. Alimkamata dume mkubwa wa kundi, akaenda kumficha, asiwaambie watu alikomficha, akatangaza kuwa dume hatoki mpaka ufuta uote tena. Wafugaji wakasubiri, wakachoka, wakaamini dume wao kaliwa. Vijana wao wakamvizia Shabani, mwana wa pekee wa Pazi, wakampasua kichwa kwa fimbo. Vijana wa wakulima wakaanza kunoa mapanga, na walinoa hadharani, barazani, kama watu wanaomenya mihogo.

Hapo nikapelekwa mimi. Bi Mtumwa alikuwa amekwishafariki, mwalimu wa chai na choo, na mimi ndiye niliyebaki mkubwa. Nilikwenda kwa pikipiki, bango limezungushwa kiunoni, kipaza sauti mapajani. Nilifikia kwa Mzee Pazi mwenyewe, kwa mkewe Bi Mwajuma, mwanamke mkimya ambaye kila baada ya muda alichukua ndoo ya maji akapotea nyuma ya nyumba. Nikadhani ana bustani.

Nilitaka mkutano ufanyike mbele ya lile ghala la zamani la ushirika. Lilikuwa limefungwa miaka mingi, bati limeota kutu, lakini mimi niliona maana yake: hapa ndipo wazazi wetu walipoweka mavuno pamoja. Pazi akakataa.

"Nasema hivi! Pale pana siafu."

"Siafu nao ni wavuja jasho, mzee wangu."

"Nasema hivi! Pana nyoka."

Alivyozidi kukataa ndivyo nilivyozidi kutaka. Nikashinda. Siku ya mkutano wakulima walikaa mbele ya ghala, Pazi mwenyewe ameegemea mlango, hasogei. Wafugaji hawakukubali kusogea karibu. Walisimama ng'ambo ya kiwanja cha mpira na ng'ombe wao wachache, mzee wao Masanja mbele. Nikashika kipaza sauti nikawaeleza kuwa mkulima na mfugaji ni tabaka moja, adui yao ni mmoja, na kwamba vita vya maskini kwa maskini ni zawadi kwa tajiri. Naamini kila neno mpaka leo. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Na yule ng'ombe aliyekula ufuta, naye ni maskini mwenzetu?" Nikamwambia nitafika huko.

Nilipofika kwenye neno mshikamano ikasikika sauti nzito: "Mmmuuu." Nikaendelea. Nikasema mshikamano tena. "Mmmuuu." Watu wakaanza kucheka, na Mzee Pazi akashikwa na kikohozi kikali. Mimi damu ikanipanda, nikageuzia kipaza sauti kiwanjani.

"Naomba wenzetu wafugaji wawanyamazishe ng'ombe wao! Tupo mkutanoni!"

Masanja akajibu kwa mbali, kwa sauti ya upole: "Mama, wetu wamelala. Huyo si wetu."

Wakulima wakaona wanadharauliwa. Mmoja akapiga kelele kwamba Msukuma anatufanya watoto, mwingine akaokota jiwe, na mkutano wangu wa mshikamano ukaisha watu wakirushiana mawe mbele ya bango langu. Jiwe moja lilitoboa neno AMANI pale kwenye herufi ya kwanza. Vijana waliondoka wakisema basi, maneno yamekwisha.

Kesho yake alfajiri Mzee Pazi alitoka kutawadha, akaanguka, akafa. Alikuwa na presha ya siku nyingi, mkewe alisema, na dawa alikuwa akimpa mbwa. Lakini nani asikilize presha? Kabla jua halijapanda kitongoji kizima kilikuwa kimekwisha kuamua kuwa Wasukuma wamemroga. Mwenyekiti alipiga simu wilayani, wakasema wanakuja, na nyie mnajua umbali. Mimi nilikuwa chumbani na wafiwa, nimekaa karibu na Bi Mwajuma. Mjane hakulia. Alikaa amekunja uso, na kila dakika chache alikuwa anataka kuinuka, wanawake wanamrudisha chini kwa mabega.

"Kaa, mwenzetu, umeingia edani."

"Nina shughuli nyuma."

"Shughuli gani leo? Kaa!"

Shabani akaja mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, panga mkononi. Hakutazama ndani vizuri, kwa sababu baba yake alikuwa amelala pale amekwisha kukoshwa na kuvishwa sanda. Akasema: "Mama, tukishamzika, tunavuka kiwanja." Nikainuka mimi, nikaanza: "Mwanangu Shabani, damu haisafishwi kwa..." Akanikatiza, tena kwa adabu.

"Mama, wewe ulikwisha kuongea jana."

Sijapata kuambiwa neno lililoniumiza kama hilo katika kazi hii yote. Nikakaa chini. Niliiona akilini kesho ya huyu mtoto: amekufa, au yuko mahabusu, au yuko uvunguni mwa kitanda maisha yake yote.

Ndipo tukasikia zogo uani. Wasukuma wanakuja msibani. Masanja, wazee wenzake, na mbele yao mkewe, Mama Kulwa, mwanamke wa kimo na sauti. Fimbo zao waliziacha kwenye ua, zimeegemezwa. Vijana wa wakulima wakasimama wote. Lakini Mama Kulwa hakusimama wala hakusalimia. Alipita katikati yao, akaingia ndani kando ya Shabani, akachukua kutoka msumarini lile koti la kijivu na kofia ya marehemu, akavaa, akatoka tena uani anaburura mguu.

"Nasema hivi! Nani kasema nimekufa? Mbona mimi sijaarifiwa?"

Sauti ilikuwa ya Pazi. Wallahi ilikuwa ya Pazi mwenyewe, mpaka bibi mmoja aliyekuwa jikoni akaangusha mwiko.

"Nasema hivi! Nakuta watu wamejaa nyumbani kwangu, wanakula mchele wangu, na hakuna aliyenikaribisha!"

Nyie vijana wa siku hizi utani mnaujua wa mpira tu. Sisi wa pwani na watu wa bara, Wanyamwezi na Wasukuma, ni watani tangu enzi za mababu zetu, walipokuwa wakishuka na mizigo mpaka Bagamoyo. Mtani hakosi msiba wa mtani wake. Anakuja kumwigiza marehemu, kumtukana, kuwazuia wazikaji njia, na ni haramu kumkasirikia. Lakini mtani lazima ajibiwe. Asipojibiwa, alichosema kinabaki kuwa tusi, na yeye anabaki adui aliyeingia nyumba ya maiti akavaa nguo zake. Wazee wa pale walilijua hilo, nikawaona wanatazamana, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza mbele ya vijana wenye mapanga. Shabani akageuka, panga likapanda usawa wa bega lake, mguu mmoja juu ya kizingiti.

Mama yangu mzazi, yule wa vitumbua, alikuwa Mzaramo. Mdomo wangu ukatangulia akili yangu.

"Pazi!" nikapiga kelele. "Umekufa asubuhi, mchana huu umekwisha kuanza kelele! Jana umeniharibia mkutano kwa kikohozi cha uongo. Leo utanijibu!"

Mama Kulwa hakupepesa jicho. Akavuta koti vizuri, akanitazama kuanzia miguuni.

"Nasema hivi! Mkutano wako ndio ulioniua."

Yule bibi aliyeangusha mwiko ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha wazee, kisha waliokaa karibu na jeneza lililosubiri uani, wanaficha nyuso kwenye mikono ya kanzu zao, mabega yanatikisika. Hata mimi nilicheka, ingawa neno hilo limenikaa mpaka leo. Shabani hakucheka. Panga lilikuwa bado juu.

Hapo Bi Mwajuma akainuka. Wanawake wakamshika, akawasukuma. Akaenda mpaka mlangoni, akampita mwanawe kana kwamba ni nguzo, akasimama mbele ya lile koti.

"Pazi," akasema. "Mimi nilikwambia nini?"

Mama Kulwa akanyamaza.

"Nilikwambia mrudishe mnyama wa watu. Ukasema mwanamke haamui mambo ya ng'ombe. Haya, maji anambebea nani? Mimi! Majani anamkatia nani? Mimi, na mgongo huu! Mtoto wako kapasuliwa kichwa, nikakwambia basi, ukasema nasema hivi. Umesema hivi, sasa umekufa, umeniachia dume gani ghalani? Tangu asubuhi hajanywa maji hata tone, na hawa wamenishika mabega wananiambia kaa, kaa!"

Mkisikia watu wakishusha pumzi kwa pamoja mtajua ni sauti ya namna gani. Ghalani! Masanja akashika kichwa: "Na jana nikasema si wetu!" Mama Kulwa mwenyewe alisahau kuwa yeye ni Pazi, akauliza kwa sauti yake: "Mzima?"

"Mzima kuliko wewe," akasema mjane. "Anakula mno."

Sasa fikirini. Mwanamke huyu asingeweza kusimama mbele ya watu na kumwumbua mumewe aliyelala ndani kwenye sanda. Angeanzia wapi? Lakini kumkaripia akiwa amesimama mbele yake, amevaa kofia yake, anaburura mguu wake, aliweza. Alikuwa anagombana na mumewe tu, kama siku zote. Na mumewe, kwa mara ya kwanza, alikuwa anasikiliza.

Mama Kulwa akarudi ndani ya koti. Akavuta kola, akakohoa kikohozi cha Pazi.

"Nasema hivi," akasema, akasita. "Nilikosea."

"Rudia," akasema Bi Mwajuma.

"Nilikosea, mke wangu."

"Mmesikia nyote?"

"Tumesikia!" kitongoji kikaitika, wakulima kwa wafugaji, na kicheko kikapanda tena mpaka kuku wakakimbia.

Kisha Mama Kulwa akamgeukia Shabani. Alimwendea taratibu, mguu nyuma, mpaka karibu kabisa, ndani ya umbali ambao panga linafika. Mimi nilikuwa naangalia mkono ule tu.

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma," Shabani akajibu, kabla hajajizuia.

"Waliokupiga nawajua, wengine nimewazaa... nasema hivi, wengine nawajua. Leo watachimba kaburi langu kwa mikono yao, nisipoliona refu la kutosha naondoka. Wewe mwanangu weka hilo panga, ukampe dume maji."

Kijana alisimama. Akalitazama koti, akaitazama kofia, akasema kwa sauti ndogo: "Naam, baba."

Akaliegemeza panga ukutani. Kisha akaangusha kile kichwa chenye kitambaa juu ya bega la koti, akalia kama mtoto, na Mama Kulwa akamshika kwa mikono miwili, machozi yanamtoka naye, huku sauti ya Pazi ikiendelea: "Nasema hivi, kamasi zako usinipake. Koti hili la suti."

Dume alitolewa ghalani, akanywa ndoo baada ya ndoo bila kumtazama mtu. Wafugaji na wakulima walichimba kaburi pamoja wakitukanana kwa raha zao. Mambo ya ufuta na njia za mifugo yalizungumzwa baadaye, vikao vingi, chai nyingi, na hayo ndiyo mliyoyaita majadiliano shirikishi. Yalikuwa muhimu na yalichosha. Lakini mtu aliye hai ndiye anayekaa kikaoni, na siku ile ndiyo iliyowabakiza hai. Nilipoandika taarifa yangu mwenyewe nilijaribu kueleza kilichotokea, nikafuta mara tatu, nikaandika kuwa msiba ulihudhuriwa vizuri.

Wanaume waliponyanyua jeneza, Shabani alishika mbele, na pembeni yake kijana wa Masanja. Wakaenda, sauti za kalima zikififia upande wa makaburini. Tukabaki wanawake. Kelele zikaisha, kicheko kikaisha, na nyumba ikawa nyumba ya msiba kweli. Mama Kulwa akavua kofia, akaipangusa, akaanza kufungua vifungo vya koti alirudishe msumarini.

Bi Mwajuma akamshika mkono wa koti.

"Usilivue kwanza," akasema. "Kaa hapa. Kuna mengine sijamwambia."

Mama Kulwa akavaa tena kofia, akakaa mkekani karibu naye. Nikatoka, nikawaacha.